Mama Maktaba Anajibu: Google inasema 5, Scopus inasema 3, niandike ipi?

Barua za safari hii zimetoka kwetu huku Kaskazini, na zote zinahusu namna ya kumpima mtafiti wa kompyuta. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenyewe ana tarehe ya kamati mbele yake.

Swali

Shikamoo Mama Maktaba. Mimi ni mhadhiri wa sayansi ya kompyuta, ninaishi Tengeru. Utafiti wangu ni programu ya simu inayotambua magonjwa ya mibuni kwa picha, hasa kutu ya majani, na sasa tumeanza na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa. Nimeomba kupanda kuwa mhadhiri mwandamizi, na fomu inataka kipimo changu cha h. Google Scholar inanipa 5, Scopus inanipa 3. Mwenzangu mmoja ananiambia niandike ya Google ninyamaze. Mwingine anataka tuunde kikundi cha watu sita tuwe tunanukuuana, eti kabla ya mwaka kwisha namba zetu zitakuwa zimepanda. Namba ya kweli ni ipi? Nimeambatanisha ukurasa wangu.
*Mhadhiri, Tengeru*

Jibu

Marahaba mwanangu. Namba zote mbili ni za kweli, kila moja kwa orodha iliyoisoma. Shida ni kwamba katika orodha hizo mbili hakuna iliyo yako sawasawa, na hilo tulimalize kabla hujaigusa fomu.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana wengi wanaoitaja kwenye kamati hawajawahi kuifanya kwa mkono. Kipimo hiki kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Unapanga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi, unazipa namba 1, 2, 3, kisha unateremka nazo hadi pale namba ya makala inapozidi idadi ya mara ilizonukuliwa; namba ya mwisho iliyopita kabla ya hapo ndiyo h. Nimeuchapisha ukurasa wako wa Google nikaupanga kwa kalamu: 41, 17, 9, 6, 5, 3, 1, 0. Makala ya tano imenukuliwa mara 5, inapita. Ya sita imenukuliwa mara 3, imekwama. Basi h yako ni 5. Scopus imeona makala zako nne tu, zenye 19, 8, 4 na 2. Ya tatu inapita, ya nne imekwama, h ni 3.

Kwa nini nne tu? Scopus ni ya kampuni ya Elsevier, ilianza mwaka 2004, na husoma majarida na makongamano iliyoyachagua. Google Scholar nayo ilianza 2004, lakini hukusanya karibu kila kilicho na sura ya kitaaluma kwenye intaneti: tasnifu za wanafunzi, ripoti, rasimu ambazo bado hazijapitiwa na mtu. Mwanafunzi wa uzamili akikunukuu kwenye tasnifu yake, Google inahesabu, Scopus haina habari. Majarida yetu mengi ya Afrika Mashariki nayo hayamo Scopus, kwa hiyo anayekunukuu humo haonekani kule.

Halafu fani yako ina jambo lake ambalo inabidi kamati ielezwe. Watu wa kompyuta hupeleka kazi zao nzuri kwenye makongamano. Kwa daktari au mtu wa kilimo, kongamano ni mahali pa kusoma muhtasari na kunywa chai. Kwenu ninyi makala ya kongamano hupitiwa na wataalamu mstari kwa mstari, na makongamano makubwa hukataa kazi nyingi kuliko yanazokubali. Mjumbe asiyejua hilo ataona neno "kongamano" ataruka. Mwandikie sentensi mbili za kumweleza, usimwachie akisie.

Sasa orodha yako. Nimeifungua makala kwa makala. Ya tatu, ile yenye 9, inahusu ndigana kali ya ng'ombe. Hiyo si yako. Jina lako la ukoo ni miongoni mwa yale yaliyojaa kuanzia Siha hadi Rombo, na jina lako la kwanza linaanza kwa herufi ambayo nusu ya waliobatizwa Uchagani wanayo. Programu inaona herufi moja na jina la ukoo, inakukabidhi ng'ombe wa watu. Akina Mushi, Massawe, Swai na Lyimo hukutana na jambo hili kila mara, na upande wa Arusha akina Mollel na Laizer. Kwa akina mama waliobadili jina baada ya kuolewa huwa kinyume chake: kazi ya mtu mmoja inagawanywa kwa watu wawili, na kila nusu inaonekana dhaifu.

Iondoe leo. Mjumbe mmoja akiifungua makala hiyo akakuta ng'ombe kwenye faili la mtu wa mibuni, hataamini hata zile nyingine ambazo ni jasho lako.

Makala yenye 3 na yenye 1 ni kazi moja. Hiyo yenye 1 ni rasimu uliyoiweka kabla ya kongamano. Zitie alama zote mbili, uziunganishe. Ukishafanya hivyo orodha yako inasomeka 41, 17, 6, 5, 4, 0. Ya nne inapita kwa 5, ya tano imekwama kwa 4. h yako ni 4. Najua haikufurahishi kushuka wiki ya kujaza fomu, lakini tazama ilivyo: mtu yeyote, popote, akiitaja kesho hiyo makala ya tano mara moja, utarudi kwenye 5, na wewe utakuwa mtafiti yuleyule uliyekuwa leo. Kwa orodha fupi kama yako, kamati ikitofautisha watu kwa 4 na 5 haijapima kitu, na ningewaambia hivyo ana kwa ana.

Tuje kwenye 41. Hii ndiyo inayobeba zaidi ya nusu ya nukuu zako zote, na ni makala ya mapitio yenye waandishi kumi na mmoja, wewe ukiwa wa saba. Makala za mapitio hunukuliwa sana kwa kawaida, kwa kuwa humpunguzia mwandishi kazi ya kutaja tafiti ishirini. Wapo wapimaji wanaogawanya nukuu kwa idadi ya waandishi, na hapo fungu lako halifiki 4. Mimi singekuambia uifiche, kazi ulifanya. Ila eleza ulifanya nini humo. Na eleza mpangilio wa majina: kwenye nadharia ya kompyuta, kama ilivyo kwenye hisabati, waandishi hupangwa kwa alfabeti na nafasi haisemi lolote, lakini kwenye kazi za picha kama zako wa kwanza ndiye aliyekesha na wa mwisho mara nyingi ndiye msimamizi.

Iliyonigusa ni ya pili, yenye 17, ambayo wewe ni mwandishi wa kwanza. Nilikaa nikawafungua wote waliokunukuu. Wengi wamekutaja ndani ya sentensi moja pamoja na watu wengine watano, "tafiti zilizofanyika ni pamoja na", wakaendelea na mambo yao. Wawili hawajaisoma, unaona wazi wamenakili rejeo kutoka kwa mwingine pamoja na kosa la mwaka. Lakini watatu wamezichukua picha zako za majani wakazitumia kufundishia mifumo yao. Mmoja kati ya hao yuko Ethiopia, na amekuta kwamba mfumo uliofunzwa kwa picha za Kilimanjaro unakosea kwenye mibuni yao iliyo chini ya kivuli kizito cha miti, kwa sababu mwanga unabadilisha rangi ya lile vumbi la kutu chini ya jani. Ameandika kurasa mbili nzima kuhusu kazi yako, akakusahihisha kwa heshima. Huyo mmoja ana uzito kuliko wale kumi na wawili wa kupita njia. Ulimwandikia? Kama hujamwandikia, mwandikie wiki hii, maana hapo ndipo makala yako ya chulebuni ilipo.

Hili si wazo langu mwenyewe kwamba nukuu hazilingani. Google ilikua kwa wazo hilohilo. Waanzilishi wake, Larry Page na Sergey Brin, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1998 walieleza njia ya kupanga kurasa za intaneti kwa kuhesabu viungo kama watu wa maktaba tulivyokuwa tukihesabu marejeo, ila kiungo kinachotoka kwenye ukurasa mzito wakakipa uzito zaidi. Na sisi tulikuwa tumekwisha kuhesabu siku nyingi, tangu Eugene Garfield alipoanza kutoa faharasa yake ya nukuu za sayansi huko Marekani miaka ya 1960.

Kuhusu kikundi cha kunukuuana: usiingie. Mwaka 2010 Cyril Labbé, mtaalamu wa kompyuta huko Grenoble, Ufaransa, alimtunga mtafiti asiyekuwepo duniani, akampa jina la Ike Antkare. Alitumia programu ya SCIgen, iliyotengenezwa katika chuo cha MIT cha Marekani, ambayo huandika makala za kompyuta zisizo na maana yoyote, akatengeneza kama mia hivi, kila moja ikizinukuu zenzake, akaziweka mahali Google Scholar inapopita. Ike Antkare akapata h ya 94. Labbé alifanya hivyo kuonyesha udhaifu wa kipimo. Ninyi sita mtafanya kwa ajili ya cheo, na mchoro wa nani anamnukuu nani siku hizi huchorwa na mwanafunzi kwa mchana mmoja: duara lenu litaonekana limejifunga peke yake pembeni, kila mshale unarudi ndani. Kujinukuu pale kazi mpya inapojengwa juu ya ya zamani ni halali kabisa. Kunukuuana kwa mapatano hapana. Hirsch mwenyewe mwaka 2020 aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kuleta madhara makubwa ambayo hakuyakusudia.

Kwenye fomu andika hivi: "Google Scholar, tarehe fulani, baada ya kuondoa makala isiyo yangu na kuunganisha nakala mbili: h 4. Scopus, tarehe hiyohiyo: h 3, makala nne tu zimo." Kisha ambatanisha ukurasa mmoja unaoeleza makala mbili, si zote, ukieleza nani amezitumia na kwa kazi gani. Waandike wale watatu kwa kirefu. Kama kamati ina wasiwasi kwamba huu ni ujanja wa kukwepa namba, kuna Azimio la San Francisco la mwaka 2012, linalotaka mtafiti apimwe kwa kazi yake badala ya sifa ya jarida alilochapisha. Kuna pia Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, yenye kanuni kumi za kupima utafiti, na moja ya kanuni hizo inataka utafiti unaohusu mahali husika ulindwe. Programu inayomsaidia mkulima wa Kibosho kujua jani lake lina nini, hata kama haikunukuliwa Chicago, inaingia humo moja kwa moja. Kama una barua kutoka kwa chama cha ushirika au bwana shamba aliyeitumia msimu mzima, iweke juu ya faili.

Swali

Salaam Mama. Mimi nauza mitumba soko la Memorial, Moshi, sijasoma sana lakini binti yangu amefika mbali. Anatafuta msimamizi wa uzamivu wa kompyuta, picha za hospitali. Kuna profesa wa Ulaya mwenye h ya 38 na mwingine wa hapahapa Arusha mwenye 9. Wenzake wanamwambia 38 haina mjadala. Mimi nimshauri nini?
*Baba wa binti, Kiboriloni*

Jibu

Baba, hongera kwa kumfikisha hapo. Mwambie asilinganishe 38 na 9 kabla hajauliza miaka. Kwa orodha iliyo safi, h haishuki hata mtu akilala, inaweza kupanda tu. Huyo wa Ulaya, kwa majina uliyonitumia, ameanza kuchapisha yapata miaka thelathini iliyopita. Wa Arusha ana miaka sita. Hirsch mwenyewe alipendekeza h igawanywe kwa miaka tangu makala ya kwanza: wa kwanza anapata kama 1.3, wa pili 1.5. Sisemi wa Arusha ni bora, nasema ile tofauti kubwa iliyowatisha imetoweka.

Pili, profesa wa Ulaya anaandika na madaktari, na huko watu huandika wengi wengi. Mwanafizikia Mark Newman alichunguza makala za miaka mitano, 1995 hadi 1999, akakuta mtafiti wa tiba ana wastani wa wenza 18 alioandika nao, wakati wa sayansi ya kompyuta hawafiki hata wanne. Makala nyingi zenye majina mengi zinapandisha namba ya kila aliyemo.

Binti afanye hivi, na akifanya jioni moja atajua zaidi ya alivyoambiwa na wenzake. Afungue DBLP, orodha ya makala za kompyuta iliyoanzishwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani. Ni bure, na ina jambo moja zuri sana: watu wenye jina moja huwatenganisha kwa kuwapa namba ya tarakimu nne mwishoni. Amtafute kila profesa, aangalie wenza wake, awatafute vijana waliokuwa wanafunzi wake. Je, kuna makala ambazo kijana ndiye jina la kwanza? Je, baada ya miaka minne au mitano kijana huyo anaonekana kwenye makala ambazo profesa hayumo? Hiyo ndiyo dalili kwamba alimlea akasimama. Kama majina ya vijana yanatokea mara moja katikati ya orodha ya watu kumi na tano, kisha hayaonekani tena popote, ajiulize walikwenda wapi. Na awaandikie wawili au watatu kati yao, awaulize profesa hujibu rasimu baada ya muda gani. Hilo hakuna namba inayolisema.

Nilimwangalia wa Arusha kwa haraka. Makala zake tano za karibuni, nne zimeongozwa na wanafunzi, na ana mwenza wa kudumu hospitalini Moshi anayemletea picha za kazi hizo. Kwa binti anayetaka picha za hospitali, mtu mwenye mlango uliofunguka tayari wodini ni wa kufikiriwa vizuri. Na hakuna kinachozuia awe na wote wawili, mmoja msimamizi mkuu, mwingine msaidizi. Nimewaona wengi waliofanya hivyo, na makala zao zikasomwa pande zote mbili.

Swali

Shikamoo Mama. Nafundisha hisabati sekondari Usa River. Nimesikia kuna "namba ya Erdős". Ni nini, na inapima nini? Na je, kazi kubwa lazima iwe imenukuliwa sana?
*Mwalimu*

Jibu

Marahaba Mwalimu. Paul Erdős alikuwa mwanahisabati wa Hungaria, alifariki mwaka 1996, akiwa ameandika makala na watu zaidi ya 500. Aliyeandika naye ana namba 1. Aliyeandika na huyo wa 1 ana 2, na kuendelea. Haipimi ubora wa mtu hata kidogo. Inakuonyesha jinsi watafiti walivyounganika, na kwa wanafunzi wako ni somo tamu: waambie wachore vitone kwa watu na mistari kwa makala, watafute njia fupi kati ya vitone viwili. Wakishachora waulize ni kitone gani ukikifuta kundi linakatika vipande viwili. Mtafiti aliye kwenye kitone hicho anaweza kuwa na wenza wachache, lakini ndiye anayewafikisha watu wa kompyuta kwa watu wa kahawa au wa wodi.

Hiyo hesabu ya njia fupi inajibu swali lako la pili. Edsger Dijkstra, Mholanzi, aliichapisha mwaka 1959 katika makala ya kurasa tatu. Simu yako ikikutafutia njia ya kwenda Moshi inatumia mbinu za ukoo huo, na waliotengeneza ramani hiyo hawahitaji kuandika rejeo. Kazi ikishakuwa ya kila mtu, watu huitumia bila kutaja mwenyewe. Mfundishe mwanafunzi mbinu, na mtaje Dijkstra ubaoni.

Swali

Mama, hiyo ORCID ni ya kulipia? Na kama jina langu nililibadili baada ya ndoa?
*Msomaji, Njiro*

Jibu

Bure kabisa, tangu ilipoanza mwaka 2012. Ni namba ya kumtambulisha mtafiti, tarakimu kumi na sita katika mafungu manne. Andika humo majina yako yote mawili, la kwenu na la ndoa, uitaje namba hiyo kila unapotuma makala. Kazi za zamani utaziongeza mwenyewe.